Siku Waliyompiga Baba Risasi

Kwenye droo ya jikoni kwangu, pamoja na viberiti, mishumaa na kamba za magunia, kuna ganda moja la risasi. Shaba yake imefifia, na mdomo wake umefinywa kama mfuko wa karatasi uliofungwa kwa vidole kisha ukafumuka. Siku moja mume wangu alilitupa akidhani ni kipande cha fundi wa bomba, na jioni hiyo alikutana na mwanamke ambaye hakujua kwamba amemwoa. Nilimwaga pipa lote la taka sakafuni, nikapekua kwa mikono mpaka nikalikuta chini ya maganda ya viazi. Sasa halinuki chochote. Zamani lilinuka kiberiti kilichotoka kuzimwa, na mpaka leo mtu akiwasha jiko la gesi kwa njiti, mimi hutoka nje kwanza.

Nasema mapema kwamba nina hasira. Najua watu wa rika langu tukianza kukumbuka utoto tunalainika. Tunataja uji wa wimbi, mvua ya Agosti kwenye mabati na viatu vya shule vilivyobana, halafu tunacheka. Hivyo vyote nilikuwa navyo. Lakini nilipokuwa na miaka saba, watu wazima walionipenda sana walinidanganya, wote kwa pamoja, na uongo wao ukanifanya niende kumuumiza mwanamke ambaye tayari alikuwa ameumia vya kutosha. Sijawahi kuona cha kuchekesha hapo.

Tuliishi Kapseret, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege zilishuka chini sana hadi ng'ombe wetu wakazoea na kuacha kuinua vichwa. Baba alikuwa mwanajeshi. Kwangu mimi hilo lilimaanisha mtu anayekuja na kuondoka, anayekunja blanketi pembe kwa pembe, na anayenipigia saluti mlangoni nikitoka shule. Mwaka huo alikuwa amepelekwa nchi ya watu kulinda amani. Nilijua huko kuna vumbi jingi, kwa sababu alitutumia picha na nyusi zake zilikuwa nyeupe.

Asubuhi moja wanaume wawili wenye sare walikuja na gari la kijani. Walivua kofia mlangoni, na mama akakaa chini pale pale kwenye nyasi zenye umande. Mimi nilipelekwa kwa jirani. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa mashangazi. Nikauliza kuna nini. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alinishika kidevu akaniangalia machoni.

"Baba yako ameumia," akasema. "Wanamleta nyumbani. Kichwa inamuuma sana, kwa hivyo hapa hakuna kupiga kelele. Umesikia?"

Nilisikia. Uasin Gishu nzima haijawahi kuwa na mtoto aliyetii vile. Kwa siku tano nilitembea bila viatu ndani ya nyumba. Nilimfunga ndama mbali, mwisho wa shamba, ili asimwite mamake karibu na dirisha la chumba cha baba. Nilimshika mbwa mdomo kila gari lilipopita. Shangazi mmoja alikohoa mezani, nikamkazia macho mpaka akaomba radhi. Nilikuwa najiandaa kumuuguza baba yangu, na nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Hakuna hata mtu mmoja kati ya wale mashangazi aliyeniambia niache.

Siku ya kumleta, lilikuja lori na sanduku refu lililofunikwa bendera. Sikushangaa. Mtu anayeumwa kichwa hutaka giza. Baba mwenyewe akiwa na malaria alikuwa akijifunika shuka mpaka usoni na kutukataza kufungua pazia. Kila kitu nilichokiona kilikubaliana na yale niliyoambiwa. Kwetu watu hawalii kwa sauti msibani. Wazee walitazama chini, wanawake walinong'ona, na mama alikaa kwenye kiti akiwa amenyooka, macho makavu. Nilifikiri wote wanamwonea baba huruma kwa ajili ya kichwa chake. Nilifikiri, angalau watu hawa wana adabu.

Halafu shangazi akanikandamiza uso kwenye sketi yake. Nikasikia mtu akifoka amri, sauti ya kuumiza masikio, na nilikasirika kwa sababu mimi nilikuwa nimemnyamazisha hata ndama. Kisha bunduki zikalia. Zikalia tena. Zikalia mara ya tatu, na hapo mama akapiga ukemi ambao sikuwahi kuusikia kwake kabla ya siku hiyo. Nilipofaulu kutoa uso kwenye ile sketi, sanduku lilikuwa limeshashuka shimoni na wanaume walikuwa wanalifukia kwa majembe.

Hebu nifikirieni mimi nikiwa na miaka saba. Kabla ya ile milio baba alikuwa anaumwa kichwa. Baada ya milio alikuwa chini ya udongo na mama amezimia. Ningefikiri nini kingine?

Jioni nilimuuliza Kogo, "Kwa nini walipiga bunduki?"

"Ndivyo jeshi hufanya," akanijibu. "Nyamaza ulale."

Kesho yake nilirudi kaburini nikatafuta kwenye nyasi, nikapata ganda hili. Lilikuwa tupu. Nililitia kidole, nikaona wazi kwamba kilichokuwa ndani kimetoka, na nikajua kimeingia wapi. Nikalificha ndani ya soksi.

Miezi iliyofuata mama alikuwa kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Alikama ng'ombe, alipika, alinifunga vifungo vya sare, lakini ukimsemesha alikujibu baada ya muda. Kitu pekee kilichomrudisha kilikuwa Jumamosi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeishi mtaa wa West Indies mjini, Mama Nasimiyu, alikuwa amefiwa na mumewe kwa namna ile ile mwaka mmoja kabla yetu. Alikuja Kapseret kwa baiskeli ya kukodi, bila kualikwa, akamwambia mama, "Mimi sikuletei maombi. Mimi najua tu vile inakaa. Kuja Jumamosi." Mama akaenda, na mimi nikaenda naye kwa kuwa hakuwa na pa kuniacha.

Walikuwa wanawake sita, wote wajane wa wanajeshi. Walivua viatu mlangoni, wakafunga mlango, wakakaa chini kwenye mkeka wakiegemea makochi. Sheria zao nilizijua baadaye, nilipokuwa mkubwa: hakuna kumwambia mwenzako kwamba Mungu alimpenda mumewe zaidi, hakuna kumwuliza ataolewa lini, na mtu akitaka kutusi jeshi, serikali au marehemu mwenyewe, aachwe amalize. Wakati huo mimi nilijua tu kwamba mama aliingia humo akiwa mti na alitoka akiwa mtu. Wakati mwingine nilisikia wakicheka. Nilichukia kile kicheko. Nilitaka kuvunja dirisha.

Kwa sababu sisi tulifungiwa nje. "Endeni mcheze," walituambia, kila Jumamosi, na mlango ukafungwa. Wao walikuwa na wenzao wa kuwaambia ukweli. Watoto wao tulikuwa na tanki la maji na kamba ya kuruka. Nawapenda wale wanawake, wawili kati yao nimewazika mwenyewe, lakini hilo walikosea, na nimewaambia ana kwa ana.

Nasimiyu, binti wa mwenye nyumba, alikuwa na miaka tisa, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru kama mamake. Wiki tatu nzima hakunisemesha. Wiki ya nne tulikuwa tumekaa nyuma ya tanki, nikalitoa ganda kwenye soksi kulichezea. Akaliona. Aliinuka, akaingia ndani kwa mlango wa jikoni, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani, chini ya vipande vya chaki, kulikuwa na ganda kama langu, lenye mdomo uliofinywa vile vile.

"Wenu walimpiga ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

"Hata wetu tatu. Kule kwetu, upande wa Bungoma. Mimi niliona moshi." Akayaweka maganda yote mawili kwenye ukingo wa saruji, moja kando ya lingine. "Ulikuwa umeambiwa amekufa?"

"Hapana. Kichwa ilikuwa inamuuma."

"Mimi niliambiwa mguu."

Sijui kueleza raha niliyoipata. Kwa miezi nilikuwa peke yangu duniani na jambo hilo, na sasa kulikuwa na mtu mwingine aliyelijua. Nilimwuliza kwa nini wanawapiga watu wao wenyewe, na Nasimiyu alikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu.

"Ng'ombe akivunjika mguu mnafanyaje?"

Nilijua tunafanyaje. Mwaka huo huo ndama wetu mkubwa alikuwa ameanguka mtaroni akavunjika mguu, na mchinjaji aliitwa kabla ya saa sita.

"Basi," akasema. "Mwanajeshi akiumia hawezi kazi. Wanamleta kwao, wanamaliza. Mama zetu wanajua. Ndio maana wanafunga mlango."

Kila Jumamosi tukalirudia. Tulielezana upya, tukaongeza hili na lile, tukakasirika pamoja. Tulikuwa na kikundi chetu, na kikundi chetu kilitusaidia kweli, ingawa kila kitu tulichoambiana kilikuwa makosa matupu.

Likizo ya Agosti wale wanawake walitoka kikaoni mapema wakijifunga vitambaa vya kichwa. Kulikuwa na mjane mpya Kaptagat. Desturi yao ilikuwa kwenda kabla ya mazishi na kukaa na mwenyewe chini, bila hotuba, mpaka aseme neno au asiseme. Tukaenda nao. Nyumba ilikuwa ukingoni mwa msitu, barabara ya udongo mwekundu ikipita mbele ya lango, na wakimbiaji wa mbio ndefu kutoka kambi ya mazoezi wakipita asubuhi kwa makundi, mvuke ukiwatoka mgongoni.

Mjane aliitwa Salina. Alikuwa mdogo sana, hata mimi niliona. Alikuwa amekaa kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, na mikono yake haikutulia. Aliniona nimesimama mlangoni nywele zikiwa zimefumuka kwa safari, akanivuta, akanikalisha katikati ya miguu yake, akaanza kunisuka. Alisuka polepole, vidole vyepesi, ananipuliza shingoni nikijikunja. Hakuna aliyekuwa amenigusa kichwa kwa upole namna hiyo tangu baba. Nilimpenda saa ile ile.

Juu ya kichwa changu nikamsikia akiuliza, "Nyinyi mlifunguliwa sanduku?"

"Hatukufunguliwa," Mama Nasimiyu akajibu.

"Hata uso?"

"Hata uso."

"Na mlijua aje ni yeye?"

Vidole vya Salina vikasimama kwenye nywele zangu, kisha vikaendelea.

Nje, Nasimiyu na mimi hatukuhitaji kujadiliana sana. Hakuna aliyefunguliwa. Hakuna aliyeona. Basi hata huyu wa Salina yumo sandukuni, ameumia tu, na keshokutwa watamleta kummaliza. Baba zetu hatukuwahi kuwaokoa kwa sababu hatukujua. Safari hii tulijua. Tukapanga: mimi ni mdogo, nitapita katikati ya miguu ya watu nilale juu ya sanduku, maana hawawezi kupiga penye mtoto. Nasimiyu atakwenda kumwambia Salina.

Siku ya mazishi ilikuwa na manyunyu na baridi ya msituni. Wanajeshi walijipanga sita upande wa miti, glavu nyeupe, mkubwa wao mbele. Bendera ilikunjwa. Sanduku lilikuwa juu ya shimo kwenye mikanda, mbao zimelowa. Nikamtazama Nasimiyu. Mamake alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na alinitikisia kichwa kwamba hawezi kutoka. Mkubwa wa wanajeshi akavuta pumzi ya kutoa amri.

Nilikimbia. Niliteleza kwenye udongo, nikainuka, nikajitupa juu ya lile sanduku kifudifudi na kulikumbatia. Mikanda ikacheza. Watu wakaguta. Nikaweka sikio kwenye mfuniko nisikilize kama nimewahi, na nikasikia moyo. Nikausikia waziwazi, ukidunda haraka haraka kwenye mbao.

"Msimpige!" nikapiga kelele. "Nasikia moyo! Yuko hai! Ameumia tu, msimpige!"

Halafu nikamsikia Salina.

"Mtoto amesema nini?"

Akainuka kwenye kiti, shali ikaanguka, akaja akipita kwenye udongo na viatu vyake vyeusi. "Mtoto amesikia moyo. Fungueni."

"Mama, tafadhali," akasema yule mkubwa.

"Fungueni hii kitu."

"Mama, haifunguliwi. Ni amri."

"Amri ya nani? Huyu ni bwana ya nani? Ni yako?" Alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye tope kando yangu, na aliingiza kucha zake chini ya mfuniko akavuta. Uso wake ulikuwa hapa, karibu na wangu. Ulikuwa na furaha. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, na ndilo ninalowadai wote walionidanganya: nimeuona uso wa Salina ukiwa na furaha pale, na niliyeiweka ni mimi.

Ndugu zake wawili walimvuta nyuma. Mzee mmoja akanibeba chini ya kwapa kama kondoo, kichwa kikining'inia. Mkubwa wa wanajeshi alisubiri kidogo, akatazama miti, akatoa amri yake. Safari hii hakukuwa na sketi ya shangazi. Niliona kila kitu, japo kichwa chini. Niliona bunduki sita zikiinuliwa, midomo yake ikielekea mawinguni juu ya mivinje, mbali kabisa na sanduku. Zikalia mara tatu. Ndege waliruka kutoka kwenye miti. Sanduku halikuwa na tundu hata moja.

Hawakumpiga. Kama hawakumpiga huyu, basi hata baba hawakumpiga. Na kama hawakumpiga baba, basi alikuwa amekufa kabla ya milio, kabla ya lori, kabla sijamfunga yule ndama mbali. Siku zote tano nilizotembea bila viatu alikuwa amekufa, na kila mtu nyumbani alijua isipokuwa mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata habari za kifo cha baba yangu, nikiwa chini ya kwapa la mtu nisiyemjua.

Salina hakulia milio ilipolia. Alikuwa ananitazama. Kucha yake moja ilikuwa imeng'oka na damu ilimtiririka mpaka kwenye kiganja.

Mama hakunipiga. Watu wengi walimwambia anipige. Tulirudi nyumbani, na tulipofika alinipeleka nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Nani alikuambia yuko hai?"

"Ni nyinyi," nikamjibu. "Kogo alisema kichwa inamuuma baba. Na wewe ulikuwa hapo. Ulisikia akiniambia."

Mama aliketi juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa. "Nilikuwa hapo," akasema mwishowe. Hilo ndilo alilolisema, na nampa heshima yake kwamba hakutafuta kisingizio.

Jumamosi iliyofuata, tulipogeuka kwenda nyuma ya tanki, Mama Nasimiyu alisimama mlangoni. "Hawa waingie," akasema. "Wavue viatu kama watu wengine." Tukaweka viatu vyetu vidogo kwenye mstari. Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya chai ya tangawizi. Wanawake walituambia, mmoja baada ya mwingine, jinsi mume wake alivyokufa. Lori lililobingirika. Homa iliyompata mtu kambini. Mama alikuwa wa nne. Alisema gari la baba lilipita juu ya bomu lililofukiwa barabarani, asubuhi, wakienda kuchota maji.

"Alikufa hapo hapo," akaniambia. "Kichwa haikumuuma hata dakika moja."

Salina alikuja Jumamosi ya tatu. Mkono wake ulikuwa bado na kitambaa. Nilijificha nyuma ya kochi, akaniita. Nikaja. "Nilikuamini," akaniambia mbele ya wote. "Nimekukasirikia, na bado nitakasirika siku nyingi. Kaa hapa." Akanikalisha katikati ya miguu yake, akafumua nywele zangu na kuanza kunisuka. Safari hii alivuta. Alivuta kila mstari mpaka ngozi ya paji la uso ikakazika na machozi yakanitoka, na hakuna mwanamke aliyemwambia apunguze, wala mimi sikumwambia. Nilitaka aendelee. Aliposhika msuko wa mwisho vidole vyake vilikuwa vimelegea, na alinipuliza shingoni kama siku ile ya kwanza.

Kogo alikufa nikiwa kidato cha pili. Namwelewa: alikuwa amefiwa na mwana, na hakuwa na neno la kumwambia mjukuu, akachukua la karibu. Namwelewa na bado nimemkasirikia. Haya mawili yamekaa ndani yangu miaka yote bila kusumbuana.

Siku hizi mimi nina duka la dawa za mifugo mjini, na Jumamosi mchana linafungwa. Wale wanawake wamezeeka, wapya wamekuja, habari hufika kwenye simu. Salina ndiye anayekaa na wajane. Kazi yangu ni watoto. Mimi huenda kabla ya mazishi, na hubeba hili ganda mfukoni.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye nyumba moja si mbali na Kapseret. Ndani kulikuwa na mnong'ono ule ule. Kwenye ngazi ya mlango wa nyuma alikuwa amekaa msichana wa miaka sita hivi, viatu mkononi, soksi miguuni. Nikajua kabla hajasema. Nilikaa karibu naye nikamwuliza anafanya nini.

"Baba ni mgonjwa," akaninong'oneza. "Cucu amesema hataki makelele. Kichwa inamuuma."

Niwe mkweli, nilitaka kuingia jikoni nimshike huyo Cucu, bibi yake, mabega. Badala yake nilitoa ganda, nikalitia mkononi mwake.

"Kesho watu watapiga bunduki mara tatu," nikamwambia. "Watapiga juu. Ndani ya hii hakukuwa na kitu cha kuumiza mtu, ni baruti tu, ya kutoa sauti. Hawampigi baba yako. Baba yako alishakufa. Alikufa wiki jana, kazini, na mama yako analia kwa sababu hiyo."

Alilitazama lile ganda. Alitia kidole kwenye mdomo wake uliofinywa. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu mwenye kazi ya kukabidhi.

"Kwa hivyo nikipiga kelele, kichwa haitamuuma?"

"Haitamuuma."

"Hata nikipiga kubwa?"

"Hata ukipiga kubwa."

Aliweka viatu chini, kimoja kando ya kingine, akafungua mdomo, akapiga ukemi. Mbwa wa jirani walibweka. Kuku walikimbia. Bibi yake akatoka jikoni mbio, mkono umenyooshwa, kidole kwenye midomo. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni kumzuia. Lakini Salina alikuwa nyuma yake, amemshika mkono kwa vidole vyake vile vile, na nilijua jinsi vinavyoshika.

"Mwache, Cucu," akamwambia. "Mwache apige."